Nilikata mwembe Ipuli nikamwaga peving, nimejuta: tujadili uwanja wa nyumba ya kupangisha Tabora (na Kigoma karibuni)

Baba Shija

Mwangaluka wakuu.

Nyuzi za ujenzi humu nimezisoma nyingi, watu tunabishana tailizi, jipsam, bati la msauzi, madirisha ya alminiamu, ila uwanja unaguswa mwishoni kabisa hela ikiwa imeshakata, mtu anasema "bustani tutafanya baadae" na hiyo baadae haifiki. Nataka nieleze yaliyonikuta mimi, na hesabu naiweka mezani muikague.

Nina nyumba mbili za kupangisha hapa Tabora, Ipuli. Ziko jirani, nilinunua kiwanja kikubwa nikakigawa. Ramani moja, fundi mmoja, vyumba vitatu kimoja masta, sebule, jiko, baraza mbele. Hata rangi ilikuwa ileile. Tofauti ni uwanja tu. Ya kwanza ilibaki na mwembe mkubwa upande wa magharibi kwa sababu mama yangu alinikatalia katakata kuukata, akasema ule mti una umri kunizidi. Ya pili nayo ilikuwa na mwembe, huo niliukata 2017. Fundi aliniambia majani yataziba gata na mizizi itapasua msingi, nami nikaamini, nikaita vijana wa chenso kazi ikaisha siku mbili. Nikamwaga peving mbele yote kuanzia getini mpaka barazani, nikapandisha fensi ya tofali mita mbili kuzunguka pande zote, nikaweka geti jeusi la kuslaidi. Kwenye simu picha ilikuwa inavutia kweli. Dalali akasema hii weka laki mbili na nusu, ile ya mwembe weka laki mbili.

Wapangaji walikuja haraka, hilo sikatai. Wengi wanatafuta nyumba kuanzia Februari mpaka Aprili, mvua ipo, hewa ya baridi, peving inang'aa. Kisha ikaingia kiangazi. Anayeijua Tabora ya Septemba na Oktoba hahitaji kuelezwa, jua la saa nane linapiga ule ukuta wa magharibi mpaka linazama, tofali zinakunywa joto mchana kutwa na usiku ndo zinalitoa chumbani, peving nazo zinarudisha joto dirishani, na ile fensi ya mita mbili imekata upepo wote. Mama mmoja mwalimu aliniambia wakati anakabidhi funguo, "Baba Shija nyumba yako ni nzuri ila kuanzia saa nane hatukai, watoto wanaungua nyayo". Alikaa miezi sita tu. Aliyefuata naye miezi sita. Aliyefuata akamaliza mwaka akaondoka.

Upande wa pili familia iliyoingia 2018 ilikaa mpaka 2023 walipohamishwa kikazi, na waliowapokea mpaka leo wapo. Mchana wote wako chini ya mwembe, wanapikia pale, wageni wanapokelewa pale, watoto wanasomea pale.

Sasa hesabu. Ile ya laki mbili na nusu kila mwaka ilikuwa inakaa tupu kama miezi miwili nikisubiri mtu, na mwezi mwingine mmoja unaliwa na rangi, vitasa na marekebisho. Inabaki miezi tisa, yaani milioni mbili na laki mbili na nusu. Ile ya laki mbili miezi kumi na mbili kamili ni milioni mbili na laki nne. Nyumba niliyoitangaza kuwa bora ilikuwa inaniingizia pungufu ya ile niliyoiona ya kawaida, na bado sijagusa gharama ya peving.

Halafu kuna kitu sikuambiwa na mtu. Kisiki kilibaki chini. Mizizi ilivyooza, peving zikaanza kudidimia sehemu sehemu, maji ya mvua yakawa yanatuama palepale, na mchwa wakahamia kwenye ile mizizi iliyokufa kisha wakapanda mpaka kwenye feremu ya mlango wa nyuma. Hapa kwetu mchwa hawasubiri mwaliko, ukiwapa mbao iliyooza chini ya ardhi wanakaa, na nyumba iko hatua nne tu kutoka hapo.

Nilichofanya nitakieleza huko chini, kwanza nisikie na wenzangu. Msimamo wangu ni kwamba kwa Tabora hela ya uwanja ianze kwenye kivuli na njia ya maji. Mapambo ya picha yaje mwisho.

Dalali wa Isevya

Mkuu Baba Shija umegusa penyewe. Mimi nazungusha wateja kila siku na nakwambia ukweli mteja anaamua kabla sijafungua mlango wa sebule. Nikiona amesimama getini anaangalia chini najua tayari, anaangalia kama kuna tope, kama maji yametuama, kama chemba inanuka. Wenye nyumba wengi wanaficha chemba chini ya baraza au karibu na mlango wa jiko, mfuniko umepasuka, halafu wananiambia "waambie kuna jipsam". Mama akishika pua pale mlangoni jipsam haitaniokoa.

Kingine ni sehemu ya kuanika nguo na sehemu ya kuweka pikipiki. Watu wananunua peving ila kamba ya nguo wamefunga kwenye nondo za dirisha la mbele, mtu akija kuangalia nyumba anakutana na mashuka ya mpangaji aliyepo. Weka nguzo mbili nyuma ya nyumba, ni gharama ndogo sana.

Ila nikupinge kidogo. Wateja wanaohamia kutoka Dar au Mwanza wanachagua kwa picha ya simu kabla hawajafika, na hao nyasi za kijani zinawavuta. Nimepangisha nyumba kwa picha ya nyasi tu. Usizitupe kabisa.

Mama Tatu wa Cheyo

Mimi naongea kama mpangaji maana wenye nyumba mmejaa humu.

Nilipanga nyumba (sitaji wapi) uwanja ulikuwa mchanga mtupu. Nikaleta samadi kwa hela yangu, nikapanda mchicha, matembele, mapapai matatu, nikapanda bogenvilia kwenye uzio, mwaka wa pili nyumba inapendeza hadi wapita njia wanasimama. Mwenye nyumba alipokuja akafurahi sana, mwezi uliofuata akapandisha kodi elfu hamsini. Sababu eti nyumba imekuwa na hadhi. Hadhi niliyoileta mimi kwa ndoo kichwani! Nikahama, na mapapai nikayaacha yakiwa yanakaribia kuiva.

Kwa hiyo naomba mnapojadili uwanja mjadili na nani analipia na nani anafaidi. Andikeni kwenye mkataba. Mpangaji akipanda mti wa kudumu apunguziwe kitu kwenye kodi, au miche ilete wewe mwenye nyumba yeye amwagilie. Mwenye moyo wa kutunza uwanja mnamfukuza wenyewe halafu mnalalamika wapangaji wachafu.

Na jambo la pili, uzio wa minyaa. Najua ni uzio wa asili yetu huku Unyamwezini, vijiji vya zamani vilizungushiwa minyaa, haihitaji maji, haipandishi gharama. Ila ule utomvu mweupe ukiingia jichoni ni balaa. Mwanangu alivunja tawi akicheza akajipangusa uso, tulikesha hospitali. Nyumba ya kupangisha ina watoto, usipande minyaa pale watoto wanapochezea.

Baba Shija

Mama Tatu pole sana kwa mtoto, na pole kwa ulichofanyiwa. Nimesoma mara mbili hiyo ya mapapai. Mkataba wangu hauna hata mstari mmoja wa uwanja, nautengeneza upya na hilo la miche nalichukua kama lilivyo.

Dalali, kwenye nyasi tuongee kwa namba. Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Nyasi za kiangazi hapa ukitaka zibaki kijani unazipa walau milimita tano kwa siku. Chukua uwanja wa mita kumi kwa kumi na mbili, ni mita za mraba 120, mara tano ni lita 600 kila siku. Mwezi ni lita 18,000, yaani uniti 18 za maji. Mvua zinakata Mei zinarudi Novemba, miezi sita ni uniti 108, kwa ajili ya nyasi tu hakuna aliyekunywa. Nashukuru siku hizi maji ya Ziwa Victoria yametufikia na hatuko tena kama enzi za kutegemea bwawa la Igombe peke yake, lakini bili anaiona mpangaji na mpangaji hamwagilii nyasi za mtu kwa bili yake. Atamwagilia wiki mbili, zinakauka, na uwanja wenye nyasi zilizokauka vipande vipande ni mbaya kuliko uwanja usio na nyasi kabisa. Kama unazitaka kwa ajili ya picha weka kipande kidogo karibu na baraza, mita tatu kwa nne, maji ya kusuuzia nguo yanaweza kukitunza.

Na tusidharau uwanja wa kufagia. Mama zetu wanafagia uwanja asubuhi na mapema mpaka mistari ya ufagio inaonekana, mgeni akiingia anaona alama za miguu yake. Nyoka anaonekana mbali, tope hakuna, watoto wanacheza. Kwangu mimi huo ni uwanja uliokamilika, ukiupa kivuli.

Kijana wa Gungu

Mwakeye wazee. Kigoma hapa.

Baba Shija nakuheshimu ila huo ushauri wa uwanja wa kufagia ukija nao Kigoma utazika watu. Tabora mko tambarare. Sisi mji umekaa kwenye vilima, nenda Mwanga au Bangwe uangalie nyumba zilivyopangana moja juu ya nyingine, maji ya uwanja wa jirani wa juu yanashuka kwako na ya kwako yanashuka kwa wa chini. Ukifagia uwanja wa mteremko kila siku unaondoa ngozi ya ardhi kidogo kidogo, mvua ya Novemba inakuja inabeba udongo wote, miaka mitano msingi unaning'inia nje kama meno. Nimeona nyumba mtu anaongeza ngazi ya kuingilia barazani kila baada ya miaka miwili kwa sababu ardhi inashuka.

Huku nyasi si mapambo, ni kama nondo za ardhi. Ukoka wetu wa kawaida unashika udongo vizuri na ukikauka kiangazi mizizi haifi, mvua ikigusa unarudi. Kwenye kingo panda nyasi za vetiva mistari kukata mteremko, mizizi yake inashuka chini sana. Halafu ngazi za mawe, kila ngazi ya uwanja na mfereji wake.

Na ukuta wa kuzuia udongo jamani wekeni matundu ya kutolea maji. Mzee wangu alijenga ukuta mzuri wa mawe na saruji nyuma ya nyumba, fundi hakuacha hata tundu moja, maji yakajaa nyuma ya ukuta, udongo ukalowa ukawa mzito, usiku mmoja wa mvua ukuta wote ukalala kwenye dirisha la jiko. Hakuumia mtu, Mungu mkubwa. Tulipojenga upya tukaweka mabomba mafupi kila baada ya mita moja na nusu hivi, nyuma yake kokoto, na unaona kabisa mvua ikinyesha mabomba yanatapika maji.

Wanaotaka nyumba ya kuangalia ziwa nao wawe makini. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Watu waliona kama ni kusumbuliwa tu, mpaka Tanganyika ilipopanda miaka hii ya karibuni ikala kuta na migomba ya watu huku pwani. Bustani nzuri ya ufukweni inavutia mteja, ila unapanda kwenye ardhi ambayo ziwa linaweza kuidai.

Baba Shija

Kijana wa Gungu umenirekebisha na nakubali. Niliongelea Tabora kama vile ndo dunia. Ardhi yetu ya mchanga tambarare na ardhi yenu ya mteremko hazifanani, hata kufagia kunabadilika maana.

Ila ujue hata sisi maji yanatuchimba, tena yanatoka kwenye paa letu wenyewe. Chukua paa la mita za mraba 120, mvua ya Tabora inacheza kwenye milimita 900 hivi kwa mwaka, hapo ni zaidi ya lita laki moja zinadondoka kwenye ule mstari wa ukingo wa bati, tena zote ndani ya miezi sita. Nyumba isiyo na gata utaona mfereji umejichimba wenyewe kuzunguka nyumba, na ukuta wa chini mpaka usawa wa goti umechafuka tope. Mwenye nyumba anapaka rangi kila mwaka anasema rangi za siku hizi feki. Rangi haina kosa, tope linaruka kutoka chini. Mwaga zege la kuzunguka msingi, mafundi wanaita aproni, upana angalau sentimita 60 upite ule mstari wa matone, au ukishindwa mwaga kokoto. Hiyo rangi itakaa. Mimi nilimwaga kokoto nyumba ya mwembe 2019 na ukuta wa chini mpaka sasa sijaugusa kwa brashi.

Msomaji wa Nzega

Kuna shemeji yangu anaishi Marekani kule Las Vegas, anasema kwao kupendeza kwa mbele ya nyumba ni jambo zito sana kwenye kuuza, madalali wao wanamwambia mtu apande maua na akate nyasi kabla hata ya kupiga picha. Ila huko kwao ni jangwa na wamefika mahali wanang'oa nyasi. Jimbo la Nevada 2021 lilipitisha sheria kuwa kuanzia 2027 maji ya mto Colorado yasimwagilie nyasi za mapambo kwenye maofisi na katikati ya barabara eneo la Las Vegas, nyumba za familia moja moja hazikuguswa na sheria hiyo lakini mamlaka ya maji inawalipa watu hela wakiondoa nyasi zao wakaweka miti na mimea inayovumilia ukame. Nimekumbuka hiyo nilivyoona hesabu ya uniti 108.

Bibi Miche

Baba Shija mwanangu, nimefurahi umerudi kwenye miti. Mimi nauza miche miaka mingi na kosa naliona ni lilelile, mtu anakuja anasema nipe mti unaokua haraka. Anapewa, anaupanda mita moja kutoka ukutani, miaka saba anarudi analia.

Mwembe usiusingizie kupasua msingi. Upe nafasi, mita saba au nane kutoka ukutani, na mbali na karo la maji taka. Miti ya jamii ya mkuyu ndo uikimbie karibu na nyumba, ile mizizi inatafuta maji mpaka ndani ya karo. Mwarobaini ni mti wa mtu asiye na maji, unabaki kijani kiangazi chote na mchwa hawausumbui ukishakomaa, kivuli chake kizuri, ila na wenyewe usiubane ukutani. Mjohoro unakua upesi, unafaa pembeni ya kiwanja kukata upepo wenye vumbi, usiuweke karibu na paa maana matawi yanakatika kwenye dhoruba. Mkrismasi unapendeza ukitoa maua mekundu mwisho wa mwaka, lakini mizizi yake inatambaa juu juu na inanyanyua peving, uupande uwanja wa wazi.

Na upande ndo kila kitu. Mti wa kivuli weka magharibi, jua la mchana ndo linaloumiza. Mashariki acha wazi, jua la asubuhi linakausha nyumba. Watu wanapanda mbele ya nyumba popote inapoelekea kwa sababu ya barabara, jua halijui barabara iko wapi.

Mche ukipanda, mche wowote, chimba shimo futi mbili kwa futi mbili, changanya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi inaita mchwa. Weka majivu kuzunguka, tandaza majani makavu lakini yasiguse shina. Mwaka wa kwanza kiangazi ndoo moja mara mbili kwa wiki, imwage taratibu.

Mhamiaji mpya

Asanteni wakuu. Nina nyumba naimalizia Malolo, imebaki milioni moja na nusu tu na mke wangu anataka fensi, mimi nataka peving. Mnanishauri nini? Iko tayari kuingia mtu mwezi wa pili.

Baba Shija

Mkuu hongera kwa kufika hapo. Nakujibu kama ningekuwa naanza mimi upya.

Fensi ya tofali kamili kwa milioni moja na nusu haitoshi, usijidanganye. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 mzunguko ni mita 100, toa geti mita nne, mara urefu wa mita mbili unapata mita za mraba 192, na tofali za bloku zinaingia kama kumi kwa mita ya mraba. Ni tofali karibu 1,900 kabla hujagusa msingi wa fensi, nguzo, saruji na fundi. Ukianza utaishia nusu, na fensi iliyoishia nusu na nondo zimechomoza ndo picha mbaya kuliko zote, mteja anaona mtu aliyeishiwa. Mweleze shemeji kwa upole. Jenga mbele tu, upande wa barabara, usawa wa kifua, geti dogo la heshima, pande tatu zilizobaki panda michongoma mvua zikianza tu. Michongoma inachukua miaka miwili mitatu kufunga, kwa sasa mtenganishe na jirani kwa waya. Upepo utapita na usalama utakuwepo, kuku wa jirani tu ndo watakusumbua mwanzo.

Kabla ya hapo lakini tengeneza njia ya maji. Subiri mvua kubwa, vaa mabuti, simama uwanjani uangalie maji yanakwenda wapi. Nusu saa hiyo fundi yeyote hawezi kukupa. Yanapotuama jaza moramu ushindilie, yanapotokea chimba mfereji. Weka zege la kuzunguka msingi. Rekebisha mifuniko ya chemba. Taa moja nje getini.

Peving usimwage uwanja mzima, weka njia ya gari na njia ya mguu mpaka barazani, kwingine acha ardhi ipumue. Miti miwili magharibi. Nguzo za kuanikia nguo nyuma. Kwa makadirio yangu unabaki na chenji ya kununua mpira wa kumwagilia, huo mwachie mpangaji.

Na kodi ya jengo haiangalii uwanja wako, nyumba ya kawaida isiyo ghorofa ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwenye LUKU tangu Julai 2023, uwe na bustani au vumbi. Ila jua anayenunua umeme ni mpangaji na kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, mpunguzie kwenye pango, msije mkagombana kwa 18,000 ya mwaka mzima.

Mama Tatu wa Cheyo

Hilo la LUKU Mungu akubariki Baba Shija, wachache wanakumbuka.

Dalali wa Isevya

Baba Shija hujatuambia mwisho wa ile nyumba ya pili. Ulisema utaeleza.

Baba Shija

Kweli mkuu nilipitiwa.

2022 nilitoa peving zote za upande wa magharibi na za katikati, nikaacha njia ya gari. Tulichimba kile kisiki chote na mizizi minene, siku nne za jasho, tukaweka dawa ya mchwa kwenye shimo, feremu ya mlango nikabadilisha. Peving nilizotoa nikazitumia kwenye njia ya nyumba ya mwembe kwa hiyo hazikupotea. Fensi ya magharibi nikaivunja tofali za juu ikabaki usawa wa kifua, juu nikaweka nondo za kupitisha upepo. Watu walinishangaa navunja ukuta mzima, jirani mmoja aliuliza kama nimeuza.

Novemba ile ile nikapanda mwembe wa kubebesha, mita saba na nusu kutoka ukutani nilipima kwa futi kamba, na mwarobaini mmoja kona ya kusini magharibi. Mwarobaini umeshapita bati. Kivuli chake kuanzia saa tisa kinagusa dirisha la chumba cha watoto, bado hakijafika masta. Mwembe uko juu ya kichwa changu kidogo, mwaka jana ulitoa maembe kumi na moja, mpangaji aliniletea matatu kwenye mfuko.

Kodi nilishusha ikawa laki mbili na ishirini. Huyu mpangaji ana mwaka wa tatu anauelekea wa nne, kiangazi mbili amezipita. Sijajua kama ni miti au ni ule upepo uliorudi, maana miti bado midogo. Nadhani upepo ulianza kumshika, miti itamalizia.

Ule mwembe mkubwa niliokata ulikuwa unafunika nusu ya paa. Huu mpya kufika pale ni miaka kumi na tano mingine labda, na mama yangu kila akija anakaa upande wa nyumba ya kwanza.

Mhamiaji mpya

Nimeelewa mkuu. Kwangu Malolo kuna mwembe mmoja na mkungu mmoja, fundi alishaweka alama ya rangi nyekundu kwenye mwembe ili ukatwe Jumatatu. Uko kama mita nne tu kutoka ukutani, hapo vipi?

Bibi Miche

Uko upande gani wa nyumba na una umri gani?

Mhamiaji mpya

Magharibi kidogo kuelekea kaskazini. Mwenye kiwanja wa zamani alisema aliukuta.

Bibi Miche

Basi umeshamaliza kupanuka, mizizi yake ilikuwepo kabla ya msingi wako. Kata matawi yanayogusa bati tu, kata wakati huu wa kiangazi kidonda kikauke. Weka wavu juu ya gata kwa ajili ya majani. Na karo liko wapi?

Mhamiaji mpya

Mashariki.

Bibi Miche

Futa hiyo rangi.